Gramafoni ya Kilo Kumi na Nane

Ahmadi alitumia miezi minane kuchagua gramafoni, na miezi yote hiyo hakuwa na santuri hata moja ya kupiga. Hata moja, jamani! Mtu mzima, kidevu kimejaa mvi, ana mke, ana binti aliyeolewa Kilwa Masoko, ana mjukuu, anahangaika na kijiko na wala hana uji.

Mwanzoni Mwanaasha, mkewe, alidhani ni homa ya msimu wa korosho, itapita pesa zikipungua. Haikupita. Kila akimaliza kula Ahmadi alinawa, akavaa miwani, akafungua kitabu cha picha alicholetewa kutoka Dar es Salaam. Katalogi. Kurasa arobaini za mashine za kuchezea santuri, kila moja imewekwa peke yake juu ya kitambaa cheusi. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya mstari, kama vile nyumba nzima imekusanyika kumsikiliza. Nyumba nzima ilikuwa ni Mwanaasha peke yake, amekaa ukumbini na kijaa chake, yale mawe mawili ya duara, akizungusha la juu kwa mkono na kuparaza kunde za bhajia.

"Na usiite gramafoni," Ahmadi alimkanya. "Gramafoni ni mambo ya babu zenu huko Kivinje. Hii inaitwa tantebo."

"Tantebo," alisema Mwanaasha, mkono hausimami.

"Na hilo jiwe lako lini utalitoa ukumbini? Nimekununulia mashine ya kusagia, ya umeme."

"Umeme ukirudi nitalitoa."

Ahmadi akasonya, akarudi kwenye picha zake. Mwanaasha akamtazama. Loo, alisema moyoni, huyu ndiye niliyemzalia.

Maana jiwe hilo analolionea aibu ndilo lililomlisha. Ahmadi alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha ushirika, na chama kilipoanguka alirudi nyumbani Lindi na kalamu mfukoni, akakaa barazani miaka mitatu. Miaka mitatu! Hakutoka kwenda shamba, hakutoka kwenda kibarua, eti yeye ni mtu wa ofisi. Mwanaasha aliparaza kunde alfajiri, akakaanga bhajia, akazibeba hadi stendi, akarudi na unga na dagaa, na bwana karani akala, tena akauliza chumvi iko wapi. Binti yao, Siwatu, alisomeshwa na bhajia. Aliolewa na bhajia.

Kisha ikaja ruksa. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia kwenye korosho, na kampuni za Dar es Salaam zikatafuta mtu anayejua vijiji, toka Rondo hadi Kilangala. Ahmadi alivijua, maana kwa miaka kumi na tano alikuwa amepima mali yao. Misimu miwili tu, mwanamume akabadilika hata mwendo. Vigae sakafuni. Makochi ambayo nailoni zake haziondolewi, ukikaa unateleza. Kicheko kipya kirefu ambacho Mwanaasha hakujua kimetoka wapi. Watu wa mtaani waliosahau hata jina lake sasa wakawa wanamwita bosi, naye anaitikia bila kugeuza shingo.

Kilichompa wazimu wa gramafoni ni Quresh, mwenye duka la vifaa kule Mingoyo, naye pia mnunuzi wa korosho. Quresh alinunua redio kubwa ya kutoka Dubai, yenye spika zinazofika kifuani na vile visahani vidogo vinavyong'aa, vya sidii, akamwalika Ahmadi, akampa rimoti aishike. Ahmadi alirudi nyumbani amenuna, hakula. Wiki iliyofuata akasikia kutoka kwa jamaa mmoja wa Dar es Salaam kwamba huko Ulaya wenye pesa za kweli wamevidharau visahani, wamerudia santuri, na kwamba kuna mashine ya santuri yenye bei ya gari. Basi. Hapo ndipo usingizi ulipomtoka.

Sasa tazameni alivyochagua. Kitabu kile kilieleza mambo chungu nzima. Hii inazungushwa kwa mkanda, ile mota iko chini kwa chini. Hii mkono wake umenyooka, ile umepinda. Ahmadi aliyaruka yote. Macho yake yalikwenda moja kwa moja chini ya ukurasa, palipoandikwa kilo. Maisha yake yote alikuwa amepima korosho, na mnunuzi wa korosho hana elimu zaidi ya hiyo: chukua chache, tupa kwenye ndoo ya maji, iliyozama ni mali, iliyoelea ni ganda. Akaileta akili hiyo hiyo kwenye gramafoni.

"Kilo sita," alisoma, akafyonza meno. "Ganda. Kilo tisa. Hii inaelea, Mama Siwatu, hii inaelea kabisa! Aa, kumi na moja. Afadhali."

"Na sauti zake?" aliuliza Mwanaasha.

"Sauti zitakosaje kuwa nzuri na kilo zote hizo?"

Mngekuwa ninyi mngecheka, na Mwanaasha angecheka pia, angecheka mpaka kunde zimwagike, kama asingekuwa na jambo lake mwenyewe sandukuni.

Sandukuni, chini ya kanga za harusi, kulikuwa na santuri moja. Nzito, nyeusi, ya zile za zamani zinazovunjika kama chungu. Aliyeimba humo ni mama yake, Somoe binti Kondo wa Kilwa Kivinje. Somoe alikuwa mwimbaji wa harusini, na Pyarali, baba yake Quresh, ambaye siku hizo aliuza santuri na vitambaa Kivinje, ndiye aliyempeleka Dar es Salaam walipokuja watu wa kunasa sauti. Aliimba nyimbo mbili, moja upande huu, moja upande ule. Gramafoni ya barazani kwa Pyarali ilizipiga mpaka kamani yake, ile springi ya kuizungusha, ikakatika, na hata hapo Somoe hakukubali. Aliketi mbele yake, akaweka kidole juu ya santuri, akaizungusha mwenyewe. Akamshika mwanawe kidole, akamfundisha.

"Kama kijaa," alimwambia. "Usikimbie, usilale. Ukikimbia nitakuwa panya, ukilala nitakuwa dume."

Mwanaasha alikuwa na miaka kumi Somoe alipofariki kwa uzazi. Alipoolewa, Zehrabai, mke wa Pyarali, alimtunza ile santuri, ya mwisho iliyobaki, imefungwa ndani ya mtandio. Tangu hapo haijapigwa. Wapi? Dukani hapakuwa na sabuni, itakuwa gramafoni! Miaka ikaenda, na katika kwenda huko kitu kibaya kikatokea. Maneno ya wimbo Mwanaasha aliyakumbuka yote. Uso wa mama aliukumbuka, na kipini chake. Sauti ikampotea. Alijaribu usiku, alijaribu akiwa peke yake jikoni, haikuja. Ndiyo maana wimbo ule hakuuimba kamwe, aliusema tu kama mtu anayesoma barua, maana aliogopa sauti yake isije ikakaa mahali pa ile nyingine na kuifuta kabisa. Alichokitaka duniani ni kuisikia mara moja tu kabla hajafa.

Kwa hiyo gramafoni ilipotajwa nyumbani kwake, moyo ulimdunda, hata kama aliyeitaja ni Ahmadi.

Akaivingirisha santuri kwenye kanga, akaenda nayo kwa Valentini, fundi redio wa karibu na soko, Mmakonde mpole asiyesema asilolijua. Valentini alifuta mikono kwenye suruali kabla hajaishika.

"Hii ni sabini na nane, mama," alisema. "Inataka izunguke mara sabini na nane kwa dakika. Mashine nyingi za siku hizi zina thelathini na tatu na arobaini na tano, basi. Mwambie mzee atafute yenye sabini na nane. Zipo, tena za bei rahisi."

Mwanaasha alirudi nyumbani akirudia njiani: sabini na nane, sabini na nane. Jioni hiyo aliacha kunde, akaja kukaa karibu na kochi, akamwambia mumewe. Ahmadi akapekuapekua kitabu, akaipata kweli, ukurasa wa nyuma kabisa.

"Hii? Ya plastiki? Kilo tatu!" Akaitazama mara ya pili, asiamini. "Kilo tatu ni kuku wawili, Mama Siwatu. Mimi niweke kuku wawili hapa sebuleni, Quresh aje anicheke?"

"Baba Siwatu, nakuomba. Mimi sijakuomba kitu tangu chama kianguke."

Hilo lilikuwa kweli, na Ahmadi alijua ni kweli, na ndiyo maana lilimkera. Akafunga kitabu.

"Nimesikia," alisema.

Aliyesikia akaagiza mashine ya ukurasa wa ishirini na mbili. Mwanaasha alipomuuliza kama ina sabini na nane, alijibu bila kuinua macho, "Ina kumi na nane. Kilo kumi na nane, mwanamke! Nzito kuliko zote humu ndani."

Ebo! Na mtu huyo ndiye watu walimpa mali yao apime.

Sanduku la mashine lilikwama siku tisa Ndundu, kwenye foleni ya kivuko, kwa matope ya mvua za masika, na kila siku katika hizo tisa Ahmadi alitangaza msikitini kwamba tantebo yake iko njiani, mpaka imamu akamwomba apunguze. Lilipofika, lilishushwa na watu wawili. Jambo la kwanza alilofanya ni kuita mizani ya ghalani. Ndiyo, mizani! Akaipakia mashine ya kifahari ya Ulaya juu ya sahani yenye vumbi la magunia, akachuchumaa, akasogeza jiwe la mizani huku na huku.

"Kumi na saba na nusu," alisema, uso umemshuka. "Wameniibia nusu kilo."

Valentini, aliyeitwa kuifunga, aliinama akajifanya anatafuta bisibisi. Baadaye, alipokwisha kuiweka juu ya meza na kuunganisha nyaya, alimwita Mwanaasha kwa macho, akamwonyesha kitufe. Palikuwa na namba mbili tu pale. Sabini na nane haikuwamo.

 Mwanaasha alikwenda chumbani, akairudisha chini ya kanga santuri aliyokwisha kuitoa, akakaa juu ya sanduku. Hasira zilimpanda. Mume amchukie mkewe, sawa, yapo. Lakini huyu hata hakumchukia, alimsahau tu, kama anavyosahau kufunga bomba.

Uzinduzi ulipangwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Pilau, sambusa, soda za kreti. Quresh alikuja na mama yake, Zehrabai, ajuza sasa, anatembea kwa fimbo, macho yana mtoto wa jicho ila masikio mazima. Mwanaasha alimbusu mkono. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, marahaba." Majirani wakajaa, wakateleza juu ya nailoni za makochi. Na tantebo ipo mezani, inang'aa, imefukizwa udi.

Hapo ndipo Quresh, taratibu, akitafuna sambusa, alipouliza, "Haya bwana. Utatupigia nini?"

Ahmadi akaitazama mashine, akaitazama meza: santuri hata moja.  Miezi minane! Alikuwa amepita maduka yote ya Lindi wiki ile, akaambiwa kanda zipo, santuri hakuna mtu anayeuza tangu lini sijui, na akajiambia itapatikana tu, kama mambo yake yote yanavyopatikana, kwa mkono wa mtu mwingine. Alimfuata mkewe jikoni, kicheko chote kimemkauka.

"Mama Siwatu. Ile santuri yako ya Kivinje. Fanya haraka."

"Mashine yako haiiwezi."

"Kilo kumi na nane itashindwa na kisahani? Usinitie aibu mbele ya watu!"

Angeweza kukataa. Alitamani kukataa, amwache aungue pale mbele ya Quresh na soda zake. Akaenda kuitoa, kwa sababu moja tu: ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na kitu kuwepo karibu naye sindano inayoweza kuigusa santuri ile, na Ahmadi anavyojulikana, kesho Quresh akinunua friji kubwa, mashine hii itauzwa.

Ahmadi akabonyeza thelathini na tatu. Spika zikatoa mngurumo na mikwaruzo ya vumbi, na juu yake ng'ombe anayelia kisimani. Watu wakatazamana. Akabonyeza arobaini na tano. Ng'ombe akawa mwanamume, dume zito, linaburuza maneno kama limelewa.

Sebule ikaangua kicheko. "Mama mkwe wako alikuwa na ndevu, bwana!" alisema Quresh, akijifuta machozi.

Ahmadi angeweza kusema mashine haina kasi yake. Valentini alikuwa amemweleza. Lakini aseme ubovu wa mashine yake? Akatazama huku na huku, akamwona wa kumbebesha.

"Santuri yenyewe mbovu," alisema kwa sauti ya kuwatosha wote. "Na huyo bibi hakuwa mwimbaji, ni maneno tu ya mke wangu. Alikuwa akiimbia sufuria huko Kivinje, basi."

Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi. Akaliweka chini. Akapita katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya meza.

"Fundi," alimwambia Valentini. "Usizime. Nitolee mkanda tu."

"Mama, sindano hii si ya santuri hii. Itakwisha."

"Na iishe."

Valentini akamtazama Ahmadi, akamtazama yeye, akautoa mkanda. Sahani ile nzito ikabaki huru. Mwanaasha akaweka kidole pembeni ya karatasi ya katikati, pale pale alipowekewa na mama yake, akaanza kusukuma. Usikimbie, usilale. Mkono huo ulikuwa umezungusha kijaa miaka yote, haukuhitaji kuhesabu. Na zile kilo, haki ya Mungu, hapo ndipo zilipofaa kitu, maana sahani ikishashika mwendo ilikwenda nao bila kuyumba. Lile dume likapanda, likapanda, likawa kijana, likawa mwanamke.

"Mimi Somoe binti Kondo, wa Kilwa Kivinje," sauti ilisema, kavu, wazi, katikati ya mikwaruzo yote ile. Kisha ikaimba.

*Kanzu yako nimefua, imetakata, ya Rabi,*
*Wewe mwenyewe najua, sabuni haikutibi.*

Hakuna aliyecheka. Mwanaasha mwenyewe nusura kidole kisimame. Alikuwa amejitayarisha kwa sauti ya mtu mwingine, sauti iliyotoka mbali, atakayoitambua au asiitambue. Aliyoisikia aliijua kuliko anavyoujua uso wake. Ilikuwa ile ile inayomwita muuza samaki. Ile ile iliyombembeleza Siwatu, iliyouza bhajia stendi, inayosema umeme ukirudi nitalitoa. Ilikuwa yake.

"Mbona huyu ni Mama Siwatu?" alinong'ona Quresh.

"Ni Somoe," alisema Zehrabai kutoka kwenye kochi, machozi yanamtiririka bila kuyajali. "Unashangaa nini? Mwanaasha akiongea nyuma ya ukuta, mimi hufikiri Somoe kaja dukani."

"Mama," Mwanaasha alimwambia Zehrabai, hageuki, kidole kinakwenda. "Miaka yote hii. Hukuniambia."

"Nilidhani unajua, mwanangu."

Ahmadi ndiye pekee aliyekuwa hasikilizi. Alikuwa amemwinamia mkewe kwa nyuma, kivuli chake juu ya santuri, jasho linamtoka. "Sindano! Unaiua sindano, Mama Siwatu, ya almasi hiyo! Hapa Lindi nitaipata wapi nyingine? Toa mkono!"

Wimbo ukaisha. Mwanaasha akanyanyua ule mkono wa mashine, taratibu, akageuka. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa alikuwa hajamwita mumewe kwa jina, si faraghani, si mbele za watu, si hata miaka ile mitatu ya kula bhajia zake. Sebule nzima ilijua hivyo, maana hakuna mke wa heshima pwani hii anayefanya hivyo.

"Ahmadi," alisema, na ilikuwa sauti ile ile iliyotoka sasa hivi kwenye spika. "Unanikinga mwanga. Kaa chini."

Ahmadi akaangaza makochi, yote yamejaa. Akakaa chini, juu ya vigae vyake. Mwanaasha akaigeuza santuri upande wa pili, akaweka kidole.